Kwa nini redio inaandika 132.005 wakati masafa halisi ni 132.000?

"Nimeanza mafunzo ya urubani na mtihani wa mawasiliano ya redio umekaribia. Kwenye chati nimekuta sekta moja, yaani kipande cha anga chenye mwongoza ndege wake, inatumia 132.005. Mwalimu akaniambia masafa yake halisi ni 132.000 kamili, kisha akaongeza kwamba nikiweka 132.000 nitakuwa nimekosea. Nilipouliza sababu alijibu kuwa ndivyo ilivyo. Halafu nikisikiliza rekodi za marubani, mmoja anataja tarakimu nne, mwingine tano, mwingine sita. Wengine wanasema 'decimal', wengine 'point'. Redio yangu ndogo ya mkononi haina 132.005 kabisa, je, niweke iliyo karibu? Naogopa siku moja mwongoza ndege ataniita nisisikie kwa sababu nimeweka namba isiyo yake. Na kwa nini wasitumie chaneli 1, 2, 3 kama meli, tukapumzika?"

Mwalimu wako amesema kweli mara zote mbili, ila ameruka sentensi moja ya katikati, na hiyo ndiyo inayokusumbua. Namba unayoiona kwenye skrini ya redio ya ndege ni jina la chaneli. Inafanana na masafa, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo masafa yenyewe, lakini leo huwezi kuisoma kama kipimo. Jina hilo huiambia redio mambo mawili kwa wakati mmoja: isimame wapi kwenye mawimbi, na isikilize kwa upana gani. 132.000 na 132.005 husimama mahali pamoja kabisa. Tofauti yao ni kwamba ya kwanza husikiliza kwa upana wa kilohezi 25 na ya pili kwa upana wa kilohezi 8.33.

Hofu yako ya kuweka namba isiyo yake ina msingi, lakini usitafute dawa yake kwenye hesabu. Rubani hahesabu chochote hapa. Huweka alichoambiwa, tarakimu kwa tarakimu. Nitakueleza mambo yalivyofikia hapo, maana bila historia hiyo namba hizi zitaendelea kuonekana kama mtego.

Mazungumzo ya ndege za kiraia kwenye VHF, yaani mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana, yamepewa nafasi kati ya megahezi 118 na 137. Chini ya hapo, kuanzia 108, kuna vifaa vya kuongozea safari na kutua, navyo haviguswi. Basi dunia nzima ina megahezi 19 za kugawana. Baada ya vita vya pili vya dunia chaneli ziliachana kwa kilohezi 200, nafasi kubwa mno kwa macho ya leo. Zikasogezwa hadi kilohezi 100, kisha 50, na mwaka 1972 zikafika 25. Ukigawa megahezi 19 kwa kilohezi 25 unapata chaneli 760. Ndiyo maana redio nyingi za zamani, na za mkononi hadi leo, zimeandikwa "760" kwenye maelezo yake.

Huenda unajiuliza imewezekanaje kupunguza nafasi mara zote hizo bila sauti kuharibika. Sababu ni kwamba sauti yenyewe haijawahi kuhitaji nafasi kubwa. Redio za ndege hutumia AM, mfumo ambao sauti hubadilisha nguvu ya wimbi, na ambamo sauti hutandaa pande mbili za wimbi linaloibeba. Ukiikata sauti ya mtu kwenye kilohezi 2.5 bado maneno yanasikika vizuri, na pande mbili zikijumlishwa unapata kilohezi 5. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kusamehe redio zisizotulia. Kwa redio ya ndege ya kilohezi 25, kiwango cha kimataifa kinaruhusu kuyumba kwa asilimia 0.003. Hebu piga hesabu hiyo kwenye megahezi 132: inakaribia kilohezi 4 kwenda juu au kushuka chini. Redio ya kilohezi 8.33 hairuhusiwi kuyumba zaidi ya asilimia 0.0005, yaani hezi 660 tu kwenye masafa hayohayo. Kilichobadilika ni ubora wa redio, na nafasi ikapatikana kutokana na ubora huo.

Nafasi hiyo ilihitajika mno Ulaya. Mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo umbali wa kusikika hutegemea urefu. Ndege iliyo futi 35,000 husikika kwa zaidi ya kilomita 400 kila upande. Ukiipa sekta moja ya anga ya juu chaneli fulani, huwezi kuipa sekta nyingine chaneli hiyohiyo mpaka uende mbali sana. Anga ya Ulaya imegawanywa kwenye sekta nyingi zilizobanana, na kila sekta inadai chaneli yake. Zile 760 hazikutosha. Ndipo kila chaneli ya kilohezi 25 ikakatwa vipande vitatu, kama kiwanja kimoja kinachogawanywa kwa ndugu watatu. Mwaka 1999 mpango huo ulianza kutumika Ulaya juu ya futi 24,500, baadaye ukashushwa, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 ikaufikisha hadi kwenye ndege ndogo. Chaneli 760 zikawa na uwezo wa kuzaa 2,280.

Hapo ndipo tatizo la majina lilipozaliwa. Gawa 25 kwa 3 upate 8.333, na hizo tatu hazina mwisho. Kipande cha kwanza kinasimama kwenye 132.0000, cha pili kwenye 132.00833, cha tatu kwenye 132.01667. Hakuna rubani wa kusoma namba hizo hewani akiwa na abiria nyuma na mvua mbele. Na kulikuwa na tatizo kubwa zaidi: kipande cha kwanza kinasimama palepale iliposimama chaneli ya zamani yenye upana wote wa 25. Zote mbili zingeitwa 132.000, na redio isingejua ifungue dirisha pana au jembamba.

Kwa hiyo vipande vilipewa majina mafupi, yasiyogongana na ya zamani. Tazama yanavyopangika:

132.000 ni chaneli pana, imesimama kwenye 132.0000
132.005 ni nyembamba, imesimama kwenye 132.0000
132.010 ni nyembamba, imesimama kwenye 132.0083
132.015 ni nyembamba, imesimama kwenye 132.0167
132.025 ni chaneli pana, imesimama kwenye 132.0250
132.030 ni nyembamba, imesimama kwenye 132.0250

Na kuendelea hivyo hivyo: 132.035, 132.040, kisha 132.050 ambayo ni pana. Umeona kwamba 132.020 haipo? Hata 132.045, 132.070 na 132.095 hazipo. Kaa mbele ya redio ya 8.33 uzungushe kitufe cha ndani polepole, utaona skrini ikienda 000, 005, 010, 015, halafu inaruka moja kwa moja hadi 025. Wanafunzi wengi hudhani kitufe kimechakaa. Redio inaruka jina ambalo halikutolewa, basi. Ukisikia hewani namba inayoishia na 20, 45, 70 au 95, jua umesikia vibaya, uombe irudiwe.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Tarakimu mbili za mwisho zikiwa 00, 25, 50 au 75, chaneli ni pana. Zikiwa nyingine yoyote iliyopo, ni nyembamba.

Sasa turudi kwenye kosa unaloliogopa, maana lina sura mbili na hazifanani.

Sura ya kwanza: sekta ni 132.005, wewe umeweka 132.000. Kwa kuwa zinasimama mahali pamoja, mwongoza ndege atakusikia na wewe utamsikia. Utadhani mambo yako sawa. Lakini dirisha lako liko wazi mara tatu ya inavyotakiwa, na jirani wa 132.010 yuko kilohezi 8.33 tu kutoka hapo ulipo. Sauti ya sekta nyingine, ya mbali, inaweza kuingia masikioni mwako, ikitoa maelekezo ya kupanda au kushuka kwa ndege yenye jina linalofanana na lako. Kisha ukibonyeza kitufe cha kuzungumzia, redio yako haibanwi na masharti makali ya chaneli nyembamba, na unaweza kuwachafulia majirani mazungumzo. Ukiwa juu, uchafu huo husafiri mbali.

Sura ya pili ni kinyume chake: kituo ni 132.000, chaneli pana, wewe umeweka 132.005. Mara nyingi itafanya kazi, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu siku isipofanya kazi hutajua kwa nini. Eneo likiwa kubwa, kituo hutumia mitambo miwili au zaidi ya kurushia kwenye chaneli moja ili kuyafikia mabonde na milima. Mitambo hiyo haisimamishwi mahali pamoja kabisa, kwa sababu mawimbi yake yangekutana na kutoa mluzi kwenye sauti. Husogezwa kidogo, ikiwa miwili, mmoja huwekwa kilohezi 5 juu na mwingine kilohezi 5 chini ya katikati. Mluzi kati yao unakuwa wa kilohezi 10, na redio huuchuja kwa urahisi. Redio iliyo kwenye upana wa 25 huipokea mitambo yote miwili bila shida. Redio iliyo kwenye 8.33 inatazama takriban kilohezi 4 kila upande, basi mitambo yote miwili iko nje ya dirisha lake. Utasikia sauti iliyokwaruzwa, au kimya. Mwongoza ndege atakuita mara tatu, na redio yako inaonyesha namba ambayo wewe unaamini ni ileile.

Ndiyo maana nasema usikadirie. Tarakimu ya sita si pambo.

Kuhusu namna ya kuitamka, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kanuni iliyo wazi, iliyoanza kutumika mwaka 2005 na iliyomo kwenye Kiambatisho cha 10 cha Mkataba wa Chicago. Taja tarakimu zote sita. Ila kama mbili za mwisho ni sifuri zote mbili, taja nne za kwanza tu. Kwa hiyo 132.005 husomwa "one three two decimal zero zero five". 132.010 husomwa "one three two decimal zero one zero", na ile sifuri ya mwisho husemwa. 132.050 ni "one three two decimal zero five zero". 132.100 ni "one three two decimal one". Na 132.000 ni "one three two decimal zero", ukanyamaza.

Angalia uzuri wa kanuni hii. Hakuna chaneli nyembamba hata moja inayoishia na sifuri mbili. Ukisikia tarakimu nne tu, umeshajua bila kuuliza kwamba chaneli ni pana na kwamba mbili zilizobaki ni sifuri. "One three two decimal zero" haiwezi kamwe kuwa 132.005. Anayesema tarakimu nne anataja chaneli nzima, hajakatisha kitu.

Wale wanaotaja tano unaowasikia kwenye rekodi wana historia yao. Wakati chaneli zote zilikuwa za kilohezi 25, tarakimu ya sita ilikuwa inajulikana hata usipoitaja: baada ya 2 au 7 lazima ije 5, na baada ya 0 au 5 lazima ije 0. Skrini nyingi za wakati huo zilikuwa na nafasi tano tu, zikaandika 118.02 kumaanisha 118.025, na 118.07 kumaanisha 118.075. ICAO bado inaruhusu tano kwenye anga ambamo chaneli zote ni pana na mamlaka husika zimeona sita hazihitajiki. Peleka mazoea hayo kwenye anga ya 8.33 uone kinachotokea: mtu akisema "118.01" amekusudia 118.010 au 118.015? Akisema "118.03", ni 118.030 au 118.035? Hakuna wa kukujibu ila yeye. Kwa hiyo ukisikia tano mahali ambapo chaneli nyembamba zinatumika, na hata kama una uhakika wa asilimia 90, omba irudiwe.

"Decimal" na "point" ni suala la mahali. Kiwango cha ICAO ni "decimal", hutamkwa karibu na "dei-si-mal", mkazo ukiwa mwanzoni. Marekani husema "point", na waongoza ndege wa huko huishia kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta: 135.275 kwao ni "one three five point two seven". Hawakosei kwao, kwani anga yao ya ndani imebaki na chaneli za 25. Rekodi nyingi zilizo rahisi kupatikana mtandaoni ni za huko, na nadhani ndizo zilizokuchanganya. Kwenye mtihani wako sema "decimal". Kuna sehemu moja tu ambapo ICAO yenyewe hutumia "point" kwenye jambo hili: mwongoza ndege akitaka kujua kama una redio ya chaneli nyembamba, huuliza "confirm eight point three three", nawe hujibu "affirm" au "negative" pamoja na maneno hayohayo. Uwezo huo pia huandikwa kwa herufi Y kwenye kipengele cha 10 cha mpango wa safari ya ndege.

Tarakimu zenyewe zitamke moja moja. Usiseme "one thirty-two", usiseme "double zero", wala usiiite sifuri "oh". Tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner". Kuna mwanafunzi mmoja kwa kila darasa anayeona aibu kutamka hivyo, akidhani ni madoido. Kwenye kelele, "five" na "nine" za kawaida zinabaki na irabu ileile na hakuna kingine kinachosikika. Ukisema "fife" na "niner", sikio linapata cha kushika. Na masafa ya dharura, 121.5, hutajwa kwa tarakimu nne, "one two one decimal fife". Hayo ni ya upana wa 25, na yamebaki hivyo hata Ulaya.

Kwa nini si chaneli 1, 2, 3 kama meli? Swali zuri, na nakubaliana nawe kwamba kwa orodha fupi ingefaa. Mabaharia wote wanajua chaneli 16 ni 156.800, na hawahitaji kuitaja hiyo namba ndefu. Lakini tazama yaliyowapata walipopunguza nafasi kati ya chaneli zao kutoka kilohezi 50 hadi 25. Chaneli mpya ziliingia katikati ya zile za zamani, na namba za kati hazikuwepo. Ikabidi wazipe namba kuanzia 60. Leo chaneli 1 ya upande wa meli ni 156.050, na majirani zake wawili, 156.025 na 156.075, wanaitwa 60 na 61. Kwa chaneli zisizofika mia, mtu hukariri. Kwa 2,280 haiwezekani. Jina lililofanana na masafa lina faida kwamba chaneli mpya inaingia mahali pake bila kuwahamisha wenzake: chati ya zamani iliyoandika 118.3 bado inasomeka, na jina hilo halijabadilika tangu enzi za kilohezi 100.

Tena hili si jina pekee la aina hiyo kwenye chumba cha rubani. Ukiweka 110.3 kwa ajili ya kutua kwa kufuata ishara za redio, unapata mwelekeo wa njia ya kurukia kwenye masafa hayo. Lakini ishara ya mteremko wa kushukia inakuja kwenye megahezi 335.0, na kifaa cha kupima umbali, kikiwepo, kinajifungua kwenye chaneli yake 40X. Hukuweka hata kimoja kati ya hivyo viwili. Namba 110.3 hapo ni jina la seti nzima, na marubani wameizoea kiasi kwamba hakuna anayeshangaa.

Kuhusu redio yako ya mkononi, jibu ni hapana, usiweke iliyo karibu. Kama ni ya chaneli 760, haina uwezo wa 8.33, na hakuna mpangilio uliojificha utakaoipa uwezo huo. Kwa kusikiliza tu, ukiweka 132.000 utaisikia sekta ya 132.005 kwa sababu niliyokueleza, pamoja na majirani zake. Sekta ya 132.010 utaipata imekwaruzwa kama utaipata. Lakini kuzungumza kwa redio hiyo kwenye chaneli nyembamba ni kosa, hata kama mtu anakusikia. Nchi nyingine zina sheria juu ya kusikiliza pia, basi uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla hujajizoesha. Na usishangae ukikuta vifaa vya wasikilizaji vikionyesha 132.0083: hivyo huonyesha masafa halisi, si majina, na ndiyo sehemu pekee utakapohitaji kugeuza kimoja kuwa kingine.

Nimebakiza lile la kuitwa usisikie. Ulinzi wako uko kwenye mikono na kalamu. Ukipewa chaneli mpya, iandike kwanza, yote. Irudie hewani yote, hata kama mwongoza ndege ana haraka. Kurudia masafa ni sharti, na hapo ndipo kosa lako au lake linapokamatwa. Kisha iweke kwenye dirisha la akiba, sehemu ya skrini inayoshika chaneli ambayo bado hujaanza kuitumia, iangalie tena ukilinganisha na karatasi, ndipo ubonyeze kubadilisha. Redio itaipeleka ile ya zamani kwenye dirisha la akiba yenyewe. Usiiguse mpaka ujibiwe kwenye mpya. Ukiita mara mbili na hakuna jibu, kwanza angalia tarakimu mbili za mwisho, angalia sauti haijapunguzwa, halafu rudi kwenye ile ya zamani useme hukupata jibu. Hakuna mwongoza ndege atakayekulaumu kwa kurudi. Wanachokiogopa wao ni ndege iliyonyamaza isijulikane iko wapi. Ikishindikana kote, 121.5 ipo, na imewekwa kwa ajili yako pia.

Kosa la kawaida kuliko yote, nikwambie wazi, si la 8.33. Ni kupindua tarakimu: 123.4 badala ya 124.3. Hili halina kanuni ya kulinasa, kwa sababu zote mbili ni chaneli halali. Kalamu tu.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyamaliza. Kama redio ya ndege unayofunzwa haionyeshi 005 kabisa, kwanza muulize mwalimu kama imewekwa kwenye 25, maana redio nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuchagua kati ya 25 na 8.33, na huenda mtu aliubadilisha. Kama mpangilio upo sawa lakini unasikika vibaya kwenye chaneli nyembamba peke yake huku pana zikiwa safi, mpelekee fundi wa redio za ndege mwenye leseni. Dalili hiyo huelekeza kwenye redio iliyoanza kuyumba kutoka katikati, na inapimwa kwa kifaa karakana, usiifungue mwenyewe. Kama tatizo ni kwamba wenzako wanasikia vizuri kwenye redio hiyohiyo na wewe unachanganya "five" na "nine" mara kwa mara, mweleze daktari wa afya ya marubani mapema. Vipokea sauti vinavyozuia kelele vimewasaidia wengi, na ni afadhali lijulikane darasani kuliko hewani.

Kwa mtihani, mwombe mwalimu akusomee chaneli kwa haraka, akichanganya za tarakimu nne na za sita, wewe uandike, uzirudie kwa sauti, na kwa kila moja useme kama ni pana au nyembamba. Achanganye na moja ya zile ambazo hazipo, kama 127.045. Ukiikamata hiyo bila kusita, uko tayari.